Wanaopita Nyuma ya Maduka

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, Roselyne aliivua futi shingoni na kuupima mlango wa duka lake, mwimo hadi mwimo. Jumatano hiyo ulikuwa umepungua tena. Haukupungua kwa kutisha; ni upana wa ukucha tu, kama siku nyingine. Matofali ya upande wa kushoto yalikuwa yamesogea bila kuacha ufa kwenye plasta, na ubao wa mlango ulikuwa umejibana kwa kiasi kilekile, bawaba na yote, isipokuwa kufuli, ambalo sasa lilionekana kubwa mno. Aliirudisha futi shingoni, akashika pumzi, akaingia kwa ubavu.

Edinah, mwenye hoteli ya chai na mandazi ya mlango wa pili, alikuwa nje akichochea jiko.

"Umeamkaje, Mama Judy?"

"Tumeamka tu. Imekula ukucha ingine."

"Yangu bado inapitisha sufuria kubwa," Edinah alisema. "Lakini nainamisha."

Hapo kituoni Misikhu kila mwenye biashara alikuwa na kipimo chake. Mwenye duka la dawa za mifugo alipima kwa katoni. Kinyozi alipima kwa tumbo, na mlango ulipozidi kumbana alipunguza ugali wa jioni, akawaambia watu kwamba kwake hakuna tatizo. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walizungumza juu ya milango jinsi wanavyozungumza juu ya mvua iliyochelewa, kwa masikitiko na kwa sauti ya kawaida, halafu wakaulizana habari za nyumbani.

Aliyetangulia kufungiwa ni Wamalwa, fundi wa baiskeli wa duka la rangi ya buluu, lililopakana na la Roselyne. Kwanza baiskeli ziliacha kuingia, akawa anaingiza magurudumu peke yake. Kisha akahamishia kazi yote nje, chini ya paa la mbele, na ndani akabakiza vyombo tu. Alasiri moja aliingia kuchukua spana. Mkewe, Lenah, alipoinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua, mbele yake palikuwa na ukuta wa buluu kutoka kona hadi kona, laini, bila hata mstari wa kuonyesha kwamba hapo paliwahi kuwa na mlango. Ndani, pampu ya baiskeli ilikuwa ikifanya kazi.

"Mzee, uko?" Lenah aliuliza.

"Niko tu," Wamalwa akajibu. "Giza kidogo. Nani ako na kazi?"

Ndugu zake walikuja na nyundo kubwa. Waliuvunja ukuta wakakuta matofali, wakayavunja hayo wakakuta mengine, mpaka wakatokea upande wa pili, kwenye migomba, na kote huko hawakukuta mtu, wala pampu, wala spana. Kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Mlima Elgon, waliujenga tena ukuta siku ileile. Tofali la mwisho lilipokaa mahali pake, pampu ilianza tena.

Tangu hapo Lenah alimletea chai kila asubuhi, akaweka kikombe chini ya ukuta. Jioni alikikuta kitupu. Wapo waliosema ni kuku. Lenah hakubishana nao, na wapita njia walizoea kuusalimu ukuta. "Mulembe, Mzee," wangesema, na ukuta ungejibu, "Mulembe. Tyubu ni nzima?"

Roselyne aliogopa. Wengine kituoni waliogopa pia, lakini walijikaza, yeye alishindwa. Aliliogopa giza lile ambalo Wamalwa aliliita kidogo. Aliogopa mpaka akawa anashona akiwa amekalia kigoda katikati ya mlango, mguu mmoja ndani ukikanyaga cherehani, mwingine nje kwenye jua. Alijaribu kuuzuia ukuta kwa gogo la mkaratusi lililokatwa sawasawa na upana wa mlango. Asubuhi alilikuta gogo limekuwa fupi. Angehama, lakini cherehani yenyewe, ile ya meza ya chuma aliyoachiwa na mama yake, ilikuwa haipiti tena mlangoni. Alipaswa kuitoa wakati kinyozi alipomshauri, na wakati huo alimcheka kinyozi.

Amri aliyoirudia kila siku ilikuwa ya binti yake. Judy asiingie dukani. Waliishi wawili tu, tangu baba yake Judy aende Nakuru kutafuta kazi, ambayo mpaka leo anaitafuta. Judy alikuwa msichana mwembamba mwenye maneno mengi, na alijua kukunja pindo vizuri kuliko mama yake alivyopenda kukubali. Akitoka shule alikaa kwenye benchi la Edinah na kupokea kazi za mkono kupitia mlangoni.

"Lakini mimi si naingia bado," Judy alisema. "Ona. Hata na begi."

"Usijaribu."

"Nikiingia kidogo tu?"

"Judy. Hata mkono."

Aliyemwambia Roselyne kinachofunga milango ni Wamalwa mwenyewe. Siku hiyo Roselyne alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa buluu akishona vifungo, kwa sababu siku hizo alizipenda kazi za nje.

"Mama Judy," ukuta ukasema. "Wewe unajua kitu inafunga?"

"Sijui, Mzee."

"Ni miguu. Nyamaza usikie. Huko nyuma."

Nyuma ya maduka kulikuwa na njia nyembamba kati ya vyoo na migomba. Zamani ilikuwa ya mbuzi na ya watu wenye haraka. Sasa ilikuwa imekanyagwa mpaka haioti jani. Watu wa Misikhu wana adabu, na hilo lisemwe kabla ya kuwalaumu. Mtu aliyenunua sare za watoto Kitale hawezi kupita mbele ya fundi wake na mfuko wa manjano wa lile duka kubwa la huko, halafu amsalimu na kumwuliza hali ya biashara. Atamvunja moyo. Kwa hiyo akishuka kwenye gari alizunguka, akapita nyuma polepole, akafika kwake bila kumuumiza mtu. Walionunua mkate wa mjini walimzunguka Edinah. Walionunua vipuri vya baiskeli walimzunguka Wamalwa.

"Kila mtu akipita nyuma na mzigo, ukuta inasongea," Wamalwa alisema. "Mimi naisikia. Na si ubaya, bana. Wanatuheshimu."

Roselyne aliendelea kushona kifungo ambacho tayari kilikuwa kimeshika.

"Hata slipas zako nilisikia," Wamalwa akasema. "Ile siku ya taya."

Wakati wa Pasaka Roselyne alikuwa amenunua tairi la baiskeli yake ya kubebea vitambaa huko Kitale, kwa kuwa lilikuwa nafuu, na alikuwa amepita nyuma kwa kuwa alimpenda Wamalwa na hakutaka kumwona uso ukimshuka. Sasa alikaa akautazama ukuta.

"Sikukasirika," ukuta ukasema, na pampu ikaendelea.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, Roselyne alisimama.

"Ndugu zangu, piteni mbele," alisema. "Hata kama mko na mfuko, piteni tu mbele. Mimi sitawaangalia vibaya. Mkipita nyuma mnatufunga."

Watu waliangalia viatu vyao. Angekaa hapo, mambo yangekuwa mengine, lakini hofu ilikuwa imemshika, na hofu ikimshika mtu humtoa maneno mengi kuliko aliyokusudia.

"Na mjue kitu moja," akaongeza. "Mimi mwenyewe hamtawahi kuniona na huo mfuko wa manjano. Heri mtoto wangu aende shule na gunia."

Mchungaji alisema amina na kutangaza harambee ya mabati. Nje ya kanisa watu walimshika Roselyne mkono, mmoja baada ya mwingine, na waliguswa kweli. Lorna, aliyekuwa kiongozi wa akina mama, alimwaga machozi. Kuanzia wiki hiyo waliokuwa wametoka Kitale walipita nyuma wakiwa wamevua viatu na kuvishika mkononi, ili wasimsumbue.

Msaada ulifika mwezi huohuo. Kijana mpole aitwaye Ian alikuja kutoka Bungoma na kofia na vipeperushi vya mradi wa kusaidia biashara zilizopo vijijini zibaki na zikue. Aliongea vizuri. Alisema kila mtu anakimbilia kuita wawekezaji wapya, ilhali mama aliyekaa Misikhu au Bokoli au Bumula miaka yote akiuza na kushona ndiye wa kushikwa mkono kwanza. Edinah alimmiminia chai. Roselyne alihisi kifua kikimlegea kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Halafu Ian akatoa futi yake ya chuma.

"Kuna sharti moja tu," alisema. "Biashara iwe na mlango wa kueleweka. Mtu wa kiti cha magurudumu aweze kupita."

"Mlango ndiyo shida yenyewe," Roselyne alisema.

"Naelewa kabisa, mama. Ndiyo maana kuna mradi. Lakini mradi hauwezi kusaidia biashara ambayo mteja haingii."

"Si mkitusaidia, wateja watarudi, mlango itarudi."

"Mlango ukirudi, nipigie simu," Ian alisema, na alimaanisha, kwa sababu alimpa namba.

Aliwaachia kila mmoja kofia. Alipofika kwenye ukuta wa buluu alisalimu kwa heshima, akatafuta mahali pa kupenyeza kipeperushi, akakosa, akakiweka chini na kukiwekea jiwe kisipeperuke. Msaada wenyewe ulikwenda kwa wenye milango mipana, na wenye milango mipana walikuwa Kitale.

Kisha shule ya Judy ikabadilisha sketi. Ile mpya ilikuwa ya marinda, rangi ya damu ya mzee, na jina la shule lilikuwa limefumwa kiunoni. Wazazi waliambiwa inapatikana katika duka moja tu, lile la Kitale. Roselyne alinunua kitambaa kilekile kutoka kwa mchuuzi wa soko la Webuye, akakata, akapiga pasi marinda mpaka yakakaa kama yamezaliwa hivyo, na jina la shule akalidarizi kwa mkono. Judy aliivaa siku moja. Naibu mwalimu mkuu, Mwalimu Kibiwott, aliigeuza ndani na nje kwenye vidole vyake.

"Kazi nzuri," alimwambia Roselyne, aliyeitwa shuleni mchana huo. "Nzuri sana. Lakini si yenyewe."

"Mwalimu, mtihani ni wiki ijayo."

"Ndiyo maana nakuambia ufanye haraka, Mama Judy. Bila yunifomu hataingia kwa chumba cha mtihani. Si mimi nilipanga."

Judy alirudishwa nyumbani. Alikaa kwenye benchi la Edinah na vitabu magotini, akisoma kwa sauti mambo ya udongo na mmomonyoko, huku mama yake akishona mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Roselyne hakuwa na ndoto nyingi. Alitaka mtoto wake afanye mtihani ule, apite, aende mahali ambapo hakuna haja ya kuupima mlango kabla ya kuingia. Akikosa mtihani atabaki hapa, na siku moja atakuwa yeye aliyekalia kigoda. Picha hiyo ilimtisha kuliko giza. Ijumaa alivaa rinda lake la kanisani.

"Ukae hapa kwa Mama Edinah," alimwambia Judy. "Duka nimefunga na hakuna mtu anaingia. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Mtu akileta kazi?"

"Mwambie arudi kesho."

Alimpa ufunguo kwa sababu rinda la kanisani halikuwa na mfuko, akapanda gari la Kitale.

Duka lile lilikuwa karibu na soko, na mlango wake ulionekana kutoka mbali. Lori lingeingia na kugeuka. Miimo yake haikuwa ya mbao moja wala rangi moja. Ilikuwa imeungwa kwa vipande vyembamba vilivyosimama bega kwa bega, kimoja cha kahawia, kimoja cheupe, kadhaa vya buluu. Upande wa kushoto kulikuwa na vipande vya kijani, vingi, vyembamba kama kucha. Roselyne aliijua kijani ile. Aliichanganya mwenyewe kwa mabaki ya makopo mawili alipopaka duka lake, na haikuwa rangi ambayo mtu mwingine angeichagua. Kwenye kipande kimoja kulikuwa na mkwaruzo wa ile siku meza ya cherehani ilipoingizwa dukani.

Kijana wa mlangoni alikuwa na beji iliyosema Tonny.

"Karibu, madam. Ingia tu."

"Hii mlango yenu," Roselyne alisema. "Ilikuwa hivi?"

"Zii. Ilikuwa ya kawaida. Siku hizi inaongezeka. Juzi bosi ameongeza kioo."

"Inatoka wapi?"

"Inakuja tu. Asubuhi tunaikuta."

"Hii kijani ni yangu."

Tonny aliitazama kijani, akamtazama yeye, akatikisa kichwa kwa huruma. "Wengi husema hivyo, madam. Yunifomu iko upande wa kulia."

Roselyne alisimama kidogo akiwa ameweka kiganja kwenye ule mkwaruzo. Kisha, kwa kuwa mtihani ulikuwa Jumatatu, aliingia. Alipita katikati ya mlango wake mwenyewe bila kugeuka ubavu wala kushika pumzi. Ndani kulikuwa na sketi nyingi zilizoning'inizwa, zote za saizi ambazo si za mtu yeyote hasa. Aliona kwa macho kwamba ile ya Judy itakuwa ndefu, na kwamba pindo limepigwa ovyo. Alilipa. Wakamtilia kwenye mfuko wa manjano.

Alishuka Misikhu jua likiwa bado kali. Mfuko ulikuwa mkubwa, wenye kung'aa, na ulipiga kelele kila alipousogeza. Rinda la kanisani halikuwa na mahali pa kuuficha. Kutoka pale barabarani aliiona safu nzima ya maduka. Lenah alikuwa akichambua mboga chini ya ukuta wa buluu. Kinyozi alikuwa nje. Mbele ya hoteli ya Edinah walikuwa wamekaa akina mama wa kanisa, na katikati yao Lorna, wakinywa chai. Wote walikuwepo siku ile ya matangazo. Wote walisikia habari ya gunia.

Roselyne alipiga hatua mbili kuelekea mbele. Akasimama. Alijiambia kwamba ni ukucha mmoja tu. Asubuhi mlango ulikuwa bado unatosha kupitisha mtoto, na unaweza kustahimili ukucha mmoja. Duka limefungwa, ndani hakuna mtu, Judy yuko kwenye benchi, nyuma ya migongo ya akina mama. Kesho atapita mbele kila siku ya maisha yake, hata akiwa na mifuko kumi. Aligeuka, akavua viatu, akashika njia ya nyuma kuelekea nyumbani.

Udongo ulikuwa laini na wenye joto. Alipita nyuma ya duka la dawa za mifugo, akapita nyuma ya kinyozi. Alipofika nyuma ya Wamalwa pampu ilinyamaza.

"Nani huyo?" Wamalwa aliuliza kwa upole.

Roselyne alibana mfuko kifuani usilie. Hakujibu. Alipita.

Duka lake lilikuwa la kufuata. Alikuwa katikati ya ukuta wake, kati ya choo na mgomba, aliposikia cherehani. Ilikuwa ikienda ndani, taratibu, kwa mwendo wa mguu mwepesi alioufundisha mwenyewe, ikisimama kidogo kwenye kona na kuendelea. Hakuna aliyekuwa amewahi kupima ni kiasi gani kinachofungwa mwenye duka akijizunguka mwenyewe. Alitaka kurudi kinyumenyume, lakini mguu wa mbele ulikuwa umeshakanyaga upande wa pili.

Alikimbia, akatokea mbele na mfuko wa manjano mkononi, mbele ya akina mama wote. Palikuwa na ukuta wa kijani kutoka kona hadi kona. Kufuli lilikuwa chini, kwenye vumbi, na ufunguo ukiwa ndani yake.

Edinah alikuwa amesimama na birika.

"Lorna alileta suruali za wazee wa kanisa," alisema. "Tatu. Akasema zinatakikana kesho. Mtoto akafurahi, akasema Mama atafurahi, kazi imekuja. Nikamwambia Judy, mama yako alisema nini. Akasema ni mapindo tu, ataingia na kutoka."

"Si nilitaka kukuinua, Mama Judy," Lorna alisema akiwa amekaa. "Baada ya yale maneno yako kanisani."

Roselyne aliweka viganja vyote viwili ukutani. Plasta ilikuwa na joto la jua.

"Judy."

Cherehani ilisimama.

"Mama. Umerudi. Nimemaliza mbili. Ni giza kidogo. Uliipata?"

"Nimeipata."

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

Akina mama walimwangalia na mfuko wake. Hakuna aliyesema neno juu ya mfuko, maana watu wa Misikhu wana adabu. Lenah aliacha mboga zake, akaja na kigoda, akapapasa ukuta wa kijani kwa kiganja huku akiinamisha sikio, mpaka akapata mahali.

"Hapa ndiyo husikika vizuri," alimwambia Roselyne. "Kaa hapa. Chai uweke upande wa kivuli."

Jumatatu Mwalimu Kibiwott alikuja mwenyewe na karatasi za mtihani. Sketi ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari ukutani. Aliligusa jina lililofumwa kiunoni, akasema sasa ni sawa kabisa, mtahiniwa anaruhusiwa. Alikaa kwenye kigoda cha Edinah, akasoma maswali kwa sauti, na Judy akajibu kutoka ndani, la udongo na la mmomonyoko na mengine yote. Alifanya vizuri. Matokeo yalipotoka aliitwa shule nzuri ya bweni upande wa Bungoma, na barua ikawekwa chini ya ukuta, ikawekewa jiwe.

Ian alipita tena na kofia za rangi mpya. Edinah sasa alikuwa anapitisha birika tu, na kinyozi aliacha kabisa chakula cha jioni. Huko Kitale waliajiri kijana wa pili wa kumsaidia Tonny, maana mlango ulikuwa umezidi mtu mmoja. Wazazi waliendelea kununua sare kule kwa kuwa ndiko walikoelekezwa, na waliendelea kupita nyuma, kwa uangalifu zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa kulikuwa na mtoto ndani na hawakutaka kumwamsha.

Roselyne alikaa mbele kutwa. Aliogopa kila jua liliposhuka, na hofu ile haikupungua kwa kuzoea. Jioni moja yeye na Judy walisikia pamoja nyayo laini upande wa pili, na mlio mdogo wa mfuko.

"Mama, kuna mtu nyuma."

"Nasikia."

"Mwambie apite mbele."

"Pita mbele," Roselyne aliita. Nyayo zilisimama. Halafu zikaendelea, taratibu zaidi.

Cherehani ilizunguka mara moja bila kitambaa, ikasimama.

"Ile sketi," Judy akasema. "Ni ndefu, sivyo? Za Kitale huwa ndefu."

Roselyne aliitoa kwenye msumari na kuikunjua magotini. "Ni ndefu kidogo," alisema. "Na pindo wamepiga ovyo."

"Si uilete nipunguze."

"Sawa," Roselyne alisema. Akainuka na sketi mkononi, akaivua futi shingoni, akaanza kuupima ukuta pale mlango ulipokuwa.